Habari za Kweli za Wasafiri wa Pwani

Mtu akiuliza asome nini katika Kiswahili kilicho bora, aghalabu huelekezwa kwenye tenzi, wala hapana lawama katika jambo hilo, kwa kuwa tenzi ndizo zilizoshika daraja la kwanza katika fasihi ya pwani kwa karne nyingi. Lakini ipo hazina nyingine, changa kwa umri na isiyotajwa sana, nayo ni nathari ya watu walioandika mambo yaliyowapata au yaliyowapata wazee wao, bila jini wala binti mfalme wa kubuniwa. Mpenda habari ndefu za kweli hana udhuru wa kuzikimbilia za lugha nyingine kabla hajazimaliza hizi.

Asili yake ina ajabu. Mwishoni mwa karne ya 19 Wadachi walikuwa wamekwisha kuitwaa Mrima na bara yake, na huko Berlin palikuwa na chuo cha lugha za Mashariki kilichofundisha Kiswahili, ambacho baadhi ya wanafunzi wake walikuwa watu waliojiandaa kuja huku kutawala. Chuo kilihitaji maandishi ya kusomesha, na Carl Velten, aliyepata kuwa mkalimani wa serikali katika pwani hii, akawataka wenyeji waandike safari zao na desturi zao. Ndivyo kilivyopatikana kitabu cha Safari za Wasuaheli, kilichopigwa chapa mwaka 1901, na baada ya miaka miwili kikafuata Desturi za Wasuaheli. Haja ya walioagiza haikuwa haja ya waandishi, na hilo msomaji hulihisi mara moja: Selemani bin Mwenye Chande, anaposimulia msafara wake wa bara, hashughuliki kumfundisha Mdachi sarufi, bali anahesabu hongo iliyodaiwa njiani na mashauri marefu ya kuipunguza, kama mfanyabiashara ambaye bado mali yake iliyopotea inamuuma.

Safari ninayoipenda kuliko zote katika kitabu hicho ni ya Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, aliyemfuata bwana wake Mdachi, Bumiller, hata Urusi na Siberia mwaka 1896. Zama hizo ilikuwa ada Wazungu kuja Afrika, kuwatazama watu, kisha kurudi makwao kuandika vitabu vya kustaajabia chakula chao, nyumba zao na dini zao. Salim akaifanya kazi ile ile kwa upande wa pili, akiwapima watu wa nchi za baridi kwa mizani ya Mwislamu wa pwani, tena kwa utulivu ambao wasafiri wengi wa Kizungu hawakuwa nao.

Desturi nayo, sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kusomesha. Kitabu chake kinaeleza ndoa za pwani kwa urefu, tangu posa hata fungate, ilhali ndoa iliyomtia yeye mwenyewe mashakani ilikuja baadaye: alimwoa mwanamke wa Kidachi, na alipofunga safari kuja naye huku, wakuu wa serikali wakawazuia wasishuke pwani, wakarudi Ulaya. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927.

Mashuhuri zaidi ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu, naye Heinrich Brode akayageuza kuwa herufi za Kilatini na kuyatoa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, kabla mwenyewe hajafariki Unguja mwaka 1905. Nathari yake ni kavu, haraka, haina mapambo. Pembe huhesabiwa kwa frasila, vita humalizwa kwa sentensi mbili, na Stanley, msafiri wa Kizungu aliyesindikizwa naye kwenye mto Lualaba mwaka 1876, analaumiwa kwa ahadi zisizotimizwa. Wanaotafuta majuto juu ya watu waliotekwa hawatayaona. Ukimya huo, kwa rai yangu, ni ushahidi mzito kuliko maungamo, kwa kuwa unaonyesha jinsi jambo lile lilivyokuwa la kawaida machoni pa aliyelitenda.

Upande wa pili ulisubiri hata mwaka 1934, James Mbotela alipotoa Uhuru wa Watumwa, habari za watu waliotekwa bara, wakaokolewa baharini na manowari za Kiingereza, kisha wakakaa Frere Town karibu na Mombasa. Mbotela alikuwa mtoto wa watu hao, na aliyoyaandika yalitoka vinywani mwa wazee wake. Wengine hukiita kitabu hicho riwaya, na kweli mwandishi amewawekea watu wake maneno vinywani. Tena anawasifu Waingereza kupita kiasi, hata msomaji wa leo huona haya kidogo. Lakini kurasa za njia ya miguu kutoka bara hazina mfano katika nathari yetu.

Wachapaji wetu wangefanya ihsani kubwa kuvitoa vitabu hivi vyote kwa bei ambayo mwalimu wa shule anaimudu. Nawe msomaji, ukivipata, usivitenge viwili vya mwisho: siku utakayomaliza cha Tippu Tip, uanze cha Mbotela.