Kanzu ya Mtoto Asiyezaliwa

Wamarekani watamchagua Rais wao Novemba 7, 2028. Donald Trump, aliyeshinda mwaka 2016 na tena 2024, hawezi kuchaguliwa mara ya tatu, kwani katiba yao inakataza hivyo tangu mwaka 1951. Kwa hiyo wadadisi wa siasa wamekwisha kuanza kutaja majina. Kwa chama cha Republican anatajwa JD Vance, aliyeapishwa kuwa Makamu wa Rais Januari 2025. Kwa chama cha Democratic wanatajwa Kamala Harris, aliyeshindwa 2024, na Gavin Newsom, aliyechaguliwa gavana wa California mwaka 2018.

Wahenga walituonya tusikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Huko Marekani kanzu hukatwa kila baada ya miaka minne, na mara nyingi haimwenei anayezaliwa.

Tuutazame mwaka 1991. Vita vya Ghuba vilikuwa vimekwisha, na kura za maoni za Gallup zilionyesha kwamba watu 89 katika kila 100 walimkubali Rais George Bush. Wadadisi wakasema huyu haangushwi. Vigogo wa Democratic wakapiga hesabu zao, mmoja baada ya mwingine wakakaa pembeni. Desemba 20 mwaka huo, siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa kura za mchujo za New Hampshire, ndege ilikuwa ikimsubiri Gavana Mario Cuomo wa New York. Hakuipanda. Alitangaza kuwa hagombei. Nafasi ikabaki kwa gavana wa jimbo dogo la Arkansas, Bill Clinton. Uchumi ulipokuwa umedorora, Clinton alishinda Novemba 1992 kwa asilimia 43 tu ya kura, kwani tajiri Ross Perot alijinyakulia asilimia 19.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Utabiri ule haukuwa soga za barazani. Uliwaondoa watu uwanjani kabla mwananchi hata mmoja hajapiga kura. Wenye fedha huchangia anayetajwa, na magazeti humfuata anayetajwa. Asiyetajwa hukosa vyote viwili.

Kwa nini basi watabiri hukosea? Kwa sababu hutazama majina na kusahau kanuni. Zamani wakubwa wa chama ndio waliokuwa na neno la mwisho. Mwaka 1952 Seneta Estes Kefauver alishinda kura nyingi za mchujo, lakini mkutano mkuu wa Democratic ukampa nafasi Adlai Stevenson. Mwaka 1968 Hubert Humphrey aliteuliwa mjini Chicago bila kushindana katika mchujo wa jimbo lolote, huku polisi na waandamanaji wakipambana mitaani. Aibu ile ilizaa tume ya kurekebisha kanuni, na tangu 1972 kura za mchujo ndizo zilizobeba uzito.

Mlango ulipofunguliwa, wasiotarajiwa wakaingia. Mwaka 1972 aliyetabiriwa alikuwa Edmund Muskie. Akateuliwa George McGovern, ambaye ndiye aliyekuwa ameiongoza ile tume. Mwaka 1976 mkulima wa karanga kutoka Georgia, Jimmy Carter, alianza kusikika baada ya Iowa, ambako kundi kubwa zaidi lilikuwa la wasiokuwa na chaguo. Mwaka 2008 Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alimshinda Hillary Clinton aliyekuwa akiongoza katika kura za maoni. Na mwaka 2015 wafuasi wa Jeb Bush walikusanya zaidi ya dola milioni 100, lakini Februari 2016 akajitoa bila kushinda jimbo hata moja.

Hata hivyo, wakubwa hawajapoteza ufunguo kabisa. Julai 2024 Joe Biden alijitoa baada ya kushinda kura za mchujo, na wajumbe wakamteua Kamala Harris bila mchujo mwingine kupigwa.

Wanaomtaja makamu wa rais nao wakumbuke historia. Tangu Martin Van Buren mwaka 1836, ni George Bush peke yake, mwaka 1988, aliyechaguliwa Rais akiwa bado makamu. Nixon mwaka 1960, Humphrey 1968, Gore 2000 na Harris 2024 wote walijaribu wakaanguka.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukiletewa orodha ya majina, usiulize tu nani yumo. Uliza ni nani aliyeiandika, na anamchangia nani. Uliza jimbo gani litapiga kura kwanza na wajumbe watahesabiwaje. Uliza pia ni nani aliyekaa pembeni kwa kuogopa orodha hiyo. Huenda Rais ajaye wa Marekani hayumo ndani yake.