Tokeni

Katika nyumba za Bungoma na Kitale, neno tokeni, ambalo hasa ni tarakimu 20 zinazobonyezwa kwenye mita ya umeme wa kulipia kabla, limekuwa jina la umeme wenyewe, na ni upanuzi wa maana unaostahili kuingizwa kamusini, kwani taa zikizimika husemwa "tokeni zimeisha". Tarakimu hizo hubeba kwa mafumbo wakati wa kutolewa kwake, unaohesabiwa kwa dakika tangu mwaka 1993, na kwa kuwa nafasi ya hesabu hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024, mita isiyosasishwa huiona tokeni mpya kuwa ya zamani na kuikataa. Mwenye nyumba asidhani mita imeharibika, bali aingize kwanza, kwa mfuatano, tokeni mbili za kusasisha zitolewazo na Kenya Power, kisha ile ya umeme.