Gari la zamani la dizeli linapokataa kuwaka alfajiri

WAMILIKI wa magari ya zamani ya dizeli katika maeneo ya miinuko kama vile Kinangop, Molo, Timboroa na Limuru wanaujua vyema mkosi huu wa alfajiri. Ufunguo huzungushwa, injini hukoroma, moshi mweupe hutanda uani, na gari haliondoki. Kufikia saa nne, jua likishapasha boneti, gari lilo hilo huwaka bila taabu. Lakini wakati huo maziwa yameshachelewa kufika kituoni, au mgonjwa ameshatafutiwa usafiri mwingine.

Kinachofuata aghalabu huwa ni gharama. Fundi huishuku pampu ya dizeli, ikang'olewa na kupelekwa mjini, au hushauri injini nzima ifunguliwe. Ilhali katika magari kama Toyota Land Cruiser na Hilux za miaka ya tisini, chanzo mara nyingi huwa ni plagi ya hita iliyokufa, kebo iliyoshika kutu au mpira wa mafuta uliopasuka. Pampu iliyochakaa kwa kawaida huwa na dalili iliyo kinyume: gari huwaka vyema asubuhi, kisha hukataa linapozimwa likiwa moto, kwa kuwa dizeli yenye joto huwa nyepesi na hupenya katika nafasi zilizolika ndani ya pampu. Anayeambiwa kwamba pampu ndiyo inayolizuia gari kuwaka wakati wa baridi tu, ana haki ya kuuliza maswali zaidi kabla ya kufungua mkoba.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche kama ile ya petroli. Huikandamiza hewa hadi ikafikia joto la zaidi ya nyuzi 500, na dizeli inaponyunyizwa humo hushika moto yenyewe. Katika injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 na silinda sita iliyowekwa katika Land Cruiser nyingi tangu mwaka wa 1990, dizeli hunyunyizwa kwanza katika chumba kidogo kilicho juu ya kila silinda. Kuta za chumba hicho zikiwa baridi huliiba joto kabla moto haujashika, na hiyo ndiyo sababu ya kila kimoja kuwekewa plagi ya hita. Land Rover yenye injini ya 300Tdi hunyunyiza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, hivyo huivumilia baridi zaidi.

Mwinuko nao huongeza chumvi kwenye kidonda. Katika kimo cha mita 2,400, uzito wa hewa hupungua kwa takriban robo ukilinganishwa na Mombasa. Hewa ikiwa chache, joto linalopatikana ni kidogo na chuma baridi hulimaliza upesi. Wapo wanaodai kwamba dizeli yenyewe huganda. Madai hayo hayana msingi humu nchini. Baridi ya Nyandarua, hata ile ya kuweka barafu juu ya majani, haifikii kiwango hicho.

Shahidi wa kwanza ni moshi. Stata inapozungusha injini kwa kasi nzuri na hakuna moshi wowote kwenye ekzosi, dizeli haifiki katika silinda. Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli una maana kwamba mafuta yanafika lakini hayashiki moto, yaani joto ndilo linalokosekana. Jambo hilo dogo huwatenga wagonjwa wa aina mbili ambao mara kwa mara hupewa dawa moja.

Iwapo stata inazunguka polepole, uchunguzi uanzie kwenye umeme. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha huonyesha takriban volti 12.6, ikionyesha 12.2 imebaki na nusu hivi ya nguvu zake. Stata inapofanya kazi, volti zisishuke mno chini ya 10. Baadhi ya Land Cruiser zina betri mbili na stata ya volti 24, na betri moja ikichoka huivuta nyingine. Kebo ya kutoka betri hadi kwenye bodi, na ile ya kutoka bodi hadi kwenye injini, zifunguliwe na kusuguliwa hadi chuma king'ae. Stata ikitoa mlio mmoja tu wa kugonga bila kuzunguka, huenda ni vile vipande vya shaba vilivyo ndani yake vilivyolika, na hivyo hubadilishwa bila kununua stata nyingine. Mafuta mazito ya injini pia hupunguza kasi. Anayetumia ya SAE 40 huko Timboroa ataona tofauti akihamia ya 15W-40.

Plagi za hita zinastahili subira kubwa zaidi, kwa kuwa ndizo zinazowahadaa wengi. Taa ya manjano ya dashibodi, yenye alama ya waya uliojisokota, haithibitishi kwamba plagi zinapata moto. Katika Toyota nyingi taa hiyo huongozwa na saa na joto la maji ya injini tu; itawaka na kuzimika kwa adabu hata kama plagi zote sita zimekufa. Njia ya kuaminika ni kuanza kwa kupima iwapo umeme unafika kwenye ule utepe wa chuma unaoziunganisha plagi, ufunguo ukiwa umewashwa. Usipofika, kosa liko kwenye fyuzi au rilei. Ukifika, utepe uondolewe na kila plagi ipimwe peke yake kwa taa ya majaribio iliyofungwa kwenye chanya ya betri. Plagi inayoiwasha taa haijakatika, isiyoiwasha imekufa. Bila kuuondoa utepe huo, plagi moja nzima huzifichia nyingine aibu. Katika Land Rover za kale zenye plagi zilizofuatana kwenye waya mmoja mambo ni kinyume: ikikatika moja, zote huzimika.

Plagi hung'olewa injini ikiwa na joto kidogo, baada ya kunyunyiziwa mafuta ya kulegeza kutu. Ikigoma isilazimishwe, kwani ikikatikia ndani huenda kichwa cha injini kikalazimika kushushwa. Katika ununuzi, volti ndizo za kuangaliwa kwanza. Plagi za volti 12 na za 24 huweza kufanana kwa macho, na zipo Toyota zilizoundiwa plagi za volti pungufu kuliko za betri. Ya volti ndogo ikifungwa penye volti kubwa huungua mara moja, na ya volti kubwa penye ndogo haipati moto wa maana. Mafundi wengi huweka swichi ya kubonyeza badala ya rilei iliyoharibika. Si mbinu mbaya, mradi iwe na rilei yake na waya mnene, maana plagi sita kwa pamoja hufyonza makumi ya ampea, na anayebonyeza kupita kiasi huziunguza.

Mgonjwa asiyetoa moshi ana hewa kwenye njia ya mafuta. Usiku, dizeli hurudi polepole tangini kupitia ufa mdogo kwenye mpira, pampu ya mkono iliyo juu ya filta, au vile vipira vyembamba vinavyorudisha mafuta kutoka kwenye nozeli. Jaribio lake halina gharama: gari liegeshwe pua ikielekea bondeni. Likiwaka vyema asubuhi, na likikataa lilipoegeshwa pua juu, hewa ndiyo mwizi. Kadhalika, likiwaka mara tu baada ya pampu ya mkono kukandwa hadi ikawa ngumu, mipira ibadilishwe kabla ya kitu kingine chochote kuguswa.

Haya yote yakiwa sawa, ndipo mambo mazito hufikiriwa. Vali za 1HZ hukazana kadiri gari linavyozeeka, zikavujisha hewa iliyokandamizwa. Tatizo likianza punde tu baada ya mkanda wa taimingi kubadilishwa, huenda umerukwa jino moja. Silinda zipimwe kwa geji ya dizeli, wala si ya petroli, na zilinganishwe zenyewe kwa zenyewe, kwani kwenye miinuko vipimo vyote hushuka.

Kuna desturi moja ya kuachwa kabisa: kunyunyiza etha au kushika kitambaa cha petroli mbele ya njia ya hewa. Etha hulipuka kabla pistoni haijafika juu. Plagi za hita zikiwa moto wakati huo, mlipuko huweza kuvunja ringi au pistoni, na gari lililohitaji plagi tu likaishia kuhitaji injini nyingine.