Istilahi za Mpito wa Maonyesho katika Filamu za Katuni

Mfasiri wa filamu za katuni aandike nini pale onyesho moja linapokwisha na jingine kuanza? Wengi huandika tu "onyesho linabadilika". Kwa maoni yetu maneno hayo hayatoshi, na historia yaonyesha sababu.

Katika filamu zisizo na sauti, mbinu mojawapo iliyopendwa ni ya duara lililozungukwa na weusi, ambalo lilizidi kuwa dogo hadi picha ikatoweka. Katuni ziliirithi, ikawa alama ya kumalizia hadithi. Televisheni iliongeza jambo jipya. Mwaka 1966, nchini Marekani, mchezo wa Batman, ambao haukuwa wa katuni, uliunganisha maonyesho kwa nembo ya popo yenye kuzunguka. Mwaka 1984 mfululizo wa katuni wa The Transformers ukaenda mbali zaidi: nembo ya Autobots ilipinduka ikawa ya Decepticons, au kinyume chake. Hata mtoto asiyejua kusoma aliweza kutambua kwamba hadithi inahama kambi.

Basi mpito nao husema. Tunapendekeza "mkato" kwa badiliko la ghafla. "Mfifio" kwa picha inayofifia. "Mfumbo", kutokana na kufumba jicho, kwa duara linalojifunga. Na "mpinduko wa nembo" kwa mbinu ya 1984. Mfasiri anayezifunika zote kwa neno moja huacha sehemu ya kauli ya mtunzi bila kuifasiri.