Makosa Yaliyogeuka Kuwa Kanuni: Habari za Lugha ya JavaScript

Mazoea yana taabu, walisema wahenga. Na mwenye kuchunguza lugha hulishuhudia jambo hilo kila siku. Neno kitabu lilitoka katika Kiarabu, ambamo ile ki ya mwanzo si kiambishi hata kidogo. Waswahili walilisikia kana kwamba ni kiambishi, wakanena vitabu, na leo hapana awezaye kulisahihisha bila ya kuchekwa. Yamkini msomaji atadhani kwamba lugha za kompyuta, ambazo zimetungwa na wahandisi kwa hesabu, zimesalimika na mambo hayo. Habari za JavaScript zaonyesha kwamba sivyo.

Mwezi wa Mei 1995, Brendan Eich, mhandisi wa kampuni ya Netscape huko California, alitunga umbo la kwanza la lugha hiyo kwa muda wa siku kumi. Kampuni ilikuwa mbioni, ikitaka kurasa za wavuti zisiwe za kusomwa tu, bali ziweze kumjibu msomaji. Lugha ikaitwa kwanza Mocha, kisha LiveScript. Hata mwezi wa Desemba mwaka huo huo ikapewa jina la JavaScript ili ipate kufaidi sifa za Java, ijapokuwa lugha hizo mbili ni mbalimbali.

Haraka ile iliacha alama zake. Ndani ya mashine kila thamani ilitiwa alama ya kuonyesha aina yake, na alama ya vitu ilikuwa sifuri. Thamani tupu nayo iliandikwa kwa sifuri pekee. Basi lugha ikiulizwa thamani tupu ni ya aina gani, hujibu kwamba ni kitu. Miezi ilinakiliwa kutoka Java pamoja na ila yake: Januari ni 0 na Desemba ni 11, walakini siku za mwezi huanzia 1.

La ajabu zaidi ni usawa. Lugha hiyo ikipewa namba na maandishi ili ivilinganishe, huyageuza maandishi kwanza yawe namba. Kwa hiyo maandishi matupu ni sawa na sifuri, na sifuri ni sawa na maandishi yenye tarakimu ya 0. Lakini maandishi hayo mawili yenyewe hayalingani.

Mwaka 1997 Netscape ilijaribu kujisahihisha, ikauondoa ugeuzaji huo katika toleo lake la 1.2. Lakini ilikuwa imechelewa. Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa nakala yake mwaka 1996, na kurasa nyingi zilikuwa zimekwisha kuandikwa kwa desturi ya zamani. Kanuni zilizotolewa na shirika la ECMA mwezi wa Juni 1997 zilishika desturi hiyo, na Netscape haikuwa na budi kuirudia. Dawa iliyopatikana katika kanuni za mwaka 1999 ilikuwa kuongeza alama nyingine ya usawa, isiyogeuza kitu. Ile ya kale ikaachwa mahali pake.

Tangu hapo, walinzi wa lugha hiyo wamejifunga kutoziharibu kurasa zilizopo. Mwaka 2018 walitaka kuingiza jina la flatten. Ikaonekana kwamba kurasa za kale zilizotumia maktaba ya MooTools zingeharibika, nao wakachagua flat.

Wako wanaoulaumu uangalifu huo, wakisema kwamba kila mwanafunzi mpya analipishwa deni la siku kumi. Lawama hiyo ina haki. Walakini mwenye kusahihisha lugha hulipisha watu wengine: wale walioandika kwa kuiamini, ambao pengine wamekwisha kufa au kuziacha kurasa zao bila ya mlinzi. Baina ya usafi wa lugha na uaminifu kwa waliokwisha kuitumia, JavaScript ilichagua uaminifu, kama vile Waswahili walivyochagua vitabu.