Kundi la Radiohead na Mzigo wa Wimbo wa Kwanza

Wimbo wa kwanza ukipendwa mno, huweza kumfunga aliyeutunga. Katika mwaka wa 1985, wanafunzi watano wa shule moja mjini Abingdon, Uingereza, waliunda kundi la muziki wa roki. Mwaka 1991 wakafanya mkataba na kampuni ya EMI, wakajiita Radiohead. Wimbo wao "Creep" wa 1992 uliwapa sifa nchi za nje kabla ya kwao. Walakini sifa hiyo ikageuka pingu, maana wasikilizaji wengi walikuja kuusikia huo tu. Santuri ya The Bends ya 1995 ilianza kuilegeza pingu, na OK Computer ya 1997 ikawapandisha kileleni. Hapo wengine wangalitulia. Wao waliyaweka kando, kwa sehemu kubwa, magita yaliyowatukuza, wakashika ala za umeme zenye sauti ngeni. Matokeo yake, Kid A ya 2000, iliongoza mauzo Uingereza na Marekani. Mwaka 2007, mkataba ule ukiwa umekwisha, waliitoa In Rainbows kwa intaneti, kila msikilizaji akijipangia bei. Basi sifa yao ilidumu kwa sababu hawakuogopa kuihatarisha.