Kutoka Clavers hadi Jogoo Road

Anayetaka kuzijua nyumba za ibada za Eastlands azifuate kwa miguu. Aanzie Racecourse Road, kanisa la St. Peter Clavers, lililowekwa kwa ajili ya Wakatoliki Waafrika zama ambazo Nairobi iligawanywa kwa rangi, makanisa yakiwamo. Petro Claver, msimamizi wake, alikuwa Mjesuiti wa Uhispania aliyewahudumia na kuwabatiza watumwa walioshushwa bandari ya Cartagena, akafa mwaka 1654.

Mwendo mfupi mbele ni Kariokor. Kabla ya soko, vyondo na nyama choma, hapa palikuwa kambi ya Carrier Corps, wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi wakiuawa na maradhi kuliko risasi.

Pumwani ilianzishwa na wakoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, ili wawakusanye mahali pamoja Waafrika waliotapakaa katika vijiji vya Nairobi kama Maskini na Mombasa. Wengi wa waliojenga Majengo, mtaa wa humo Pumwani, walikuwa Waislamu, na wanawake wengi walimiliki nyumba. Ndiyo maana Msikiti wa Riyadha una uzito wake hapa, na St. John's ya Waanglikana, ambayo kituo chake cha jamii kilianza 1957, ni jirani yake. Hospitali ya uzazi ya Pumwani ni ya 1926, na nusu ya wanaopita njia hii watakwambia ndipo walipozaliwa. Kijiji cha zamani cha Pangani nacho kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wake walipelekwa jirani, Shauri Moyo.

Kisha Kaloleni. Nyumba zake za mawe zilijengwa miaka ya 1940, zikizunguka ukumbi wa jamii ambao wenyeji waliuita bunge. Tarehe 23 Aprili 1950, chama cha Kenya African Union (KAU) na muungano wa wafanyakazi vilikutana humo, na Makhan Singh, Kalasinga wa chama cha wafanyakazi, akasimama kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Wakati huo wengi walikuwa bado wanaomba viti katika baraza la mkoloni. Mwezi uliofuata yeye na mwenzake wa muungano huo, Fred Kubai, walikamatwa, mgomo ukalipuka mitaani, na Singh hakuachiliwa hadi 1961. Mimi naliona jengo hili kuwa takatifu, ingawa halina altare wala mihirabu.

Si mbali na hapo ni Mbotela, mtaa unaobeba jina la Tom Mbotela, diwani aliyeuawa mwaka 1952. Ukoo wake ulitoka Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa karibu na Mombasa. Mtaa wa Ofafa nao una jina la diwani, Ambrose Ofafa, aliyepigwa risasi mwaka uliofuata. Huko Bahati, kanisa la PCEA linaitwa Bahati Martyrs. Neno hilo la mashahidi lina uzito mtaani hapo, kwani Wakikuyu, Waembu na Wameru wa Eastlands ndio walioumia zaidi tarehe 24 Aprili 1954, Operesheni Anvil, msako wa wakoloni dhidi ya Mau Mau, ilipoanza na maelfu wakasombwa kwa malori hadi vizuizini.

Jogoo Road, iliyoitwa Doonholm Road, ina St. Stephen's ya Waanglikana. Lakini Jumapili barabara ni ya waenda kwa miguu: African Israel Church Nineveh, kanisa alilolianzisha Zakayo Kivuli mwaka 1942, na ngoma na bendera zao, Waakorino na vilemba vyeupe. Ijumaa Kuu jumuiya za Wakatoliki hubeba msalaba mtaa kwa mtaa, vituo kumi na vinne.

Mitaa hii ya zamani sasa imo katika mipango ya kubomolewa ili yajengwe maghorofa. Makanisa na misikiti ina waumini wa kuitetea. Ukumbi wa Kaloleni hauna mchungaji wala imamu, na ningependa Ijumaa Kuu moja msalaba usimamishwe mlangoni pake, majina ya Singh na Kubai yatajwe kwa sauti, na diwani wa sasa awepo asikie.